Viti vya Upande wa Kushoto

Bunda,
18 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Masikio yako yanaendeleaje? Mimi mwili ni mzima. Ya moyoni usiulize, maana ulikuwepo. Nakuandikia kwa mkono kama unavyopenda, na barua nampa Gody, kondakta wa Hiace ya Musoma, kwa sababu simu yako umeigeuza kuwa tochi na mimi siwezi kuyapigia kelele mambo haya, walimu wenzangu wakayasikia ukutani.

Baba amenivua nguo mbele za watu. Tangu juzi Jumamosi nikifumba macho nawaona wageni wetu wa posa kutoka Butiama, watu saba, wameketi kwenye viti ulivyowapangia, wametulia, wanasubiri kusalimiwa na mwenye nyumba. Baba anaingia. Anamsalimia Baba mdogo Abraham, anamsalimia mzee wa kanisa, anawasalimia mpaka watoto waliokuwa wanachungulia dirishani upande wa Baba mdogo. Kisha anakaa. Mzee Silasi, baba yake Thadeo, mtu ambaye nilitazamia kumwita mkwe, akasimama akamnyooshea mkono. Mkono ukakaa hewani, Shangazi. Baba akamgeukia Baba mdogo akasema, "Hawa watu wa Butiama wanachelewagaje hivi?"

Watu saba, hatua tatu kutoka alipokaa.

Hata ndevu alinyoa shavu moja, lingine akaliacha na mvi zake, kana kwamba ugeni wenyewe haustahili wembe. Samaki wake, sato, alimla nusu, ugali nusu, akasukuma sahani na kunung'unika kwamba siku hizi nyumba hii inapimia watu chakula. Mshenga wao akasema, "Tumeelewa," wakanyanyuka. Soda zao zilibaki mezani hazijafunguliwa.

Nakumbuka Krismasi alivyosema, "Kwani Musoma wanaume wameisha?" Kumbe alikuwa anaisubiri siku. Nilimwambia pale pale kwamba kuanzia leo sina baba, na sijutii. Wewe uliyehangaika na viti tangu alfajiri, naona aibu mpaka kwa ajili yako.

Mwanao,
Stellah


Kamunyonge, Musoma,
25 Machi 2024

Mwanangu Stellah,

Marahaba. Barua imefika, Gody ameileta imekunjwa kama ya kufungia karanga lakini inasomeka. Masikio ni yale yale. Jana mchungaji amehubiri saa nzima, mimi nikaambulia "amina". Huku sote tu wazima wa afya, na baba yako pia, anakula na kulala, kwa hiyo upande huo usiwe na wasiwasi. Wasiwasi ni juu yako uliye mbali.

Nimeisoma mara mbili. Mwandiko umeharibika, naona ulikuwa unalia. Nimefundisha miaka thelathini na moja, na nilikuwa nawaambia watoto: hata ukilia, andika juu ya mstari.

Kuhusu ya Jumamosi, niseme nini? Kaka yangu Werema ni mkaidi, nimemjua kabla hajaota meno. Akikichukia kitu hakitazami. Na fundi mitumbwi gani umewahi kumwona akibembelezwa? Hasira hasara, mwanangu. Watu wa Butiama watapoa. Usije nyumbani wiki hii wala ijayo, na simu usimpigie, mtatukanana bure.

Viti nilivipanga kama mama yetu alivyotufundisha: wenyeji mkono wa kulia wa mwenye nyumba, wageni wa posa ukuta wa pili, waonekane vizuri. Katika viti hakuna lililokosewa.

Nimekuwekea dagaa kwenye kopo. Usiwape paka wa shule.

Shangazi yako,
Selestina


Bunda,
9 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Dagaa walifika, asante sana. Natumaini mu wazima nyote kama ulivyoniandikia.

Sikukusikiliza, nilimpigia. Jumapili Thadeo alikuja hapa Bunda akiwa mnyonge. Anasema baba yake hana neno na mimi, ila anataka Baba aende Butiama kwa miguu yake mwenyewe, amwombe radhi mbele ya ndugu zake. Asipoenda, shauri limekwisha. Basi nikapiga simu. Baba akaniambia, "Nikaombe radhi ya nini? Mimi siku ile sijaona mgeni. Nilikaa nawasubiri mpaka mkaanza kunifokea."

Uongo mchana kweupe, tena kwa sauti ya upole, kama vile mimi ndiye wa kuhurumiwa. Hapo nikasema neno. Nilimwambia kwamba siku tulipomzika Mama, Mungu alikosea jeneza.

Halafu akaniuliza kama nimeshakula. Nikakata simu.

Najua ni neno baya. Naliandika hapa ili ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwake. Mwambie pia kwamba kanisani nitasindikizwa na Baba mdogo Abraham, kama harusi yenyewe itakuwepo.

Mwanao,
Stellah


Kamunyonge, Musoma,
6 Mei 2024

Mwanangu,

Leo salamu nitazifupisha. Baba yako yuko hospitali hapa Musoma. Yu hai, kwa hiyo soma hadi mwisho kabla hujakimbilia stendi.

Alhamisi alivaa koti la kanisani akasema anakwenda Butiama. Nikamuuliza, utakwenda kusema nini na wewe unasema hukuwaona? Akanisogelea sikioni akapaza sauti: "Kosa langu silijui, Selestina, ila mtoto analia. Mtu anaweza kuombaga radhi hata ya kosa asilolijua." Alikuwa amenyoa tena shavu moja. Niliona, nikanyamaza.

Aliposhuka Butiama akavuka barabara, bodaboda ikamgonga kutoka upande wa kushoto. Wanasema dereva alipiga honi mpaka ikamwishia pumzi. Mkono umevunjika na kichwa kimechubuka. Nyumbani kwa Mzee Silasi hakufika.

Daktari wa hapa ni kijana mtulivu. Alipomaliza mkono, akampa karatasi achore saa ya ukutani. Baba yako akachora duara safi, fundi ni fundi, halafu namba zote kumi na mbili akazirundika upande wa kulia. Kushoto pakabaki peupe. "Tayari," anasema, na anairudisha kalamu. Daktari ameitazama karatasi ile muda mrefu kuliko alivyoutazama mkono. Anataka apigwe picha ya ubongo Mwanza, ile wanaiita siti skani, na Abraham atampeleka keshokutwa. Lakini anahitajika mtu wa kuelewa atakachoambiwa na kujibu atakachoulizwa. Abraham ataelewa nini? Na mimi sisikii. Nenda wewe, mwanangu. Usinijibu barua hii, nenda tu.

Shangazi yako,
Selestina


Bunda,
19 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Baba umeshampokea na unamwona mwenyewe, kwa hiyo nakuandikia yale ambayo sikuweza kukupigia kelele mlangoni.

Nilifika Mwanza kesho yake baada ya Baba kupelekwa, Baba mdogo alikuwa ametoka kutafuta chai. Kitanda cha Baba kimekaa mlango ukiwa kushoto kwake. Niliingia nikasimama pale pale, nikashindwa kusema shikamoo. Nilikuwa nayawaza maneno yangu ya simu. Nesi alikuwa upande wa pili anamnywesha maji, akamuuliza kama ana watoto. Baba akasema, "Ninaye mmoja, mwalimu wa Bunda. Nilimkosea jambo, sijui lipi, wananiambia ni kubwa. Alisema Mungu alikoseaga jeneza. Nimelifikiria sana, naona mtoto hajasema uongo."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, Shangazi. Angenyoosha mkono angenigusa. Nesi akanitazama mimi, akamtazama yeye, hakuelewa. Nikazunguka miguuni pa kitanda mpaka upande wa kulia. Baba akaniona, akatabasamu, akauliza, "Umefika saa ngapi?"

Picha nimeiona. Daktari aliifungua kwenye kompyuta, ubongo umekatwa vipande kama mkate wa slesi, akawa anavipitisha kimoja kimoja. Kwenye vipande vya juu, upande wa kulia, kuelekea nyuma, kuna doa jeusi lenye kingo safi, ukubwa wa yai la kuku wa kienyeji. Mshipa uliziba, sehemu ile ikakosa damu ikafa. Macho ya Baba ni mazima kabisa. Ila sehemu iliyokufa ndiyo inayouambia ubongo kwamba kuna upande wa kushoto. Ikifa, mtu haoni giza kushoto, wala haoni pengo. Upande ule unaacha kuwepo, na yeye mwenyewe hajui kwamba kuna kitu kimepungua. Ndiyo nusu ya sahani. Ndiyo shavu moja. Ndiyo Mzee Silasi na mkono wake.

Na mimi ndiye ninayefundisha ubongo kidato cha tatu. Nauchora ubaoni kila mwaka, nusu ya kulia na nusu ya kushoto, nusu ipi inatawala upande upi wa mwili, na anayekosea nampunguzia maksi. Baba yangu alikaa mbele yangu na nusu ya ndevu, nikaona dharau. Sijui Jumatatu nitasimamaje mbele ya wanafunzi wale.

Lipo moja zaidi. Daktari anasema doa lile silo la bodaboda. Damu mpya ingeonekana nyeupe kwenye picha. Hili limekuwa jeusi na kutulia, anakadiria miezi minne. Akaniuliza, "Mwezi wa kwanza mzee hakuugua?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba hapana, Shangazi angeniandikia. Niliporudi hapa nikafungua boksi la barua zako. Ya tarehe 11 Januari inasema: "Huku sote tu wazima wa afya, baba yako anakusalimu, nimetoka kumpikia uji." Uji wa nini, Shangazi? Tangu nimjue Baba hajawahi kunywa uji.

Stellah


Kamunyonge, Musoma,
24 Mei 2024

Mwanangu,

Sina salamu. Salamu ndizo zilizonifikisha hapa.

Tarehe 9 Januari asubuhi, baba yako alianguka ufukweni akiwa anautengeneza mtumbwi wa Evance, yule jirani yetu mvuvi. Mdomo ulikwenda upande, mkono wa kushoto ukalegea kama wa mtoto aliyelala. Evance alitaka kuita bajaji wampeleke hospitali. Mimi nikakataa. Nikasema ni malaria imempanda kichwani, tumlete nyumbani, na watu wote waambiwe hivyo.

Nitakueleza kwa nini, na usidhani najitetea. Wiki ile ile mama mmoja kutoka Butiama alikuwa amepita maduka ya mtaa wa Mukendo hapa mjini akiuliza habari za ukoo wetu. Kwao kuna kifafa? Kuna wendawazimu? Wazee wao wanakufaga na nini? Unajua watu wanavyochunguza kabla ya kuoa. Nikawaza: wakisikia Werema ameanguka na mdomo umepinda, watasema nyumba ile imerogwa, na mtoto wetu umri unakwenda. Nikamwambia kaka yangu, vumilia mpaka wageni waje, tutakwenda hospitali baadaye. Akavumilia. Mimi ni dada yake mkubwa, nilimbeba mgongoni; hajawahi kunibishia jambo.

Baada ya siku chache mdomo ulirudi na mkono ukapata nguvu, nikamshukuru Mungu, nikaona nimefanya jambo la akili. Halafu Evance akarudisha mtumbwi. Nyufa za upande mmoja zimezibwa pamba vizuri sana, upande wa pili hazijaguswa, maji yanaingia. Baba yako akawa anagonga bega la kushoto kwenye mlango, akishangaa nani ameusogeza. Niliyaona yote hayo. Na bado siku ya wageni niliwakalisha kushoto, kwa sababu ndivyo desturi ya nyumba yetu na nilitaka kila kitu kionekane cha kawaida.

Kisha ukaniandikia kwamba amekuvua nguo, na mimi nikachukua kalamu nikakujibu kwamba ni mkaidi. Mengine yote ningeweza kusema ni ujinga. Hilo si ujinga. Nilimwona kaka yangu anabebeshwa aibu yangu mwenyewe, nikaikaza kamba ya mzigo. Hata alipovaa koti kwenda Butiama sikumzuia.

Mficha maradhi kifo humuumbua, methali hiyo nimewaandikisha watoto ubaoni sijui mara ngapi. Mimi nilificha ya mwenzangu, na picha ya Mwanza imeniumbua kabla ya kifo, labda hiyo ndiyo rehema. Nimejitoa uongozi wa akina mama kanisani. Sikuombi msamaha katika barua hii, nitaonekana nauharakisha. Kwanza nitakwenda Butiama.

Selestina


Kamunyonge, Musoma,
30 Juni 2024

Mwanangu Stellah,

Tangu ile barua nimekuandikia nyingine mbili na Gody anasema umezipokea kwa mkono wako. Baba yako ananiambia unakuja kila Jumamosi, saa zile ninazokuwa kanisani nafagia. Nimeelewa kwamba saa unazichagua.

Afya, nitasema ilivyo. Mkono wake umeunga. Chakula bado anakula nusu, tunamgeuzia sahani anafurahi kukuta kumbe kuna kingine. Nimepaka rangi nyekundu ukingo wa kushoto wa sahani na wa mlango kama daktari alivyoagiza, na ninamsemesha nikiwa kushoto ili ajifunze kugeuka. Siku nyingine anageuka, siku nyingine anaitafuta sauti kulia mpaka anakasirika. Mimi presha iko juu na sikio la pili linakwenda.

Butiama nilikwenda tarehe 22. Nilikataa kiti, nikasema nimesimama, mbele ya Mzee Silasi na ndugu zake: anguko la Januari, malaria ya uongo, viti. Nikatoa ile filamu ya picha uliyoniachia nyumbani. Mzee Silasi akaipeleka dirishani penye mwanga akaitazama. Kisha akaomba kalamu, maana alishajua sisikii, akaniandikia kwenye kipande cha daftari. Nimekiweka ndani ya barua hii, ukisome mwenyewe. Ameandika: "Mama yangu alikuwa anakula nusu ya sahani. Tulisema ana pepo. Tulimweka nyumba ya nyuma mpaka akafa."

Alhamisi alikuja hapa Kamunyonge bila kutuma taarifa. Baba yako alikuwa amekaa sebuleni. Mzee Silasi akakichukua kiti kutoka ukuta ule wa wageni, akakiweka kulia kwa baba yako, akaketi, akampa mkono. Baba yako akaushika kwa mikono yote miwili. Abraham alikuwepo, akanipazia sauti ili nisikie alichosema baba yako: "Mmechelewa sana, lakini karibuni."

Kwa hiyo harusi ipo. Kama mimi nipo katika harusi hiyo, sijui.

Shangazi yako, kama bado unaniita hivyo,
Selestina


Bunda,
11 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa makusudi, nakwambia ili usibaki ukijiuliza.

Sijamaliza kukusamehe. Asubuhi najiambia yamekwisha, mchana namwona mwanafunzi anatafuna nusu ya andazi, yanaanza upya. Lakini kila ninapotaka kukuhukumu nalikuta neno langu la jeneza limekaa njiani. Wewe ulificha ugonjwa. Mimi hakuna aliyenifumba macho, nilikuwa na baba mbele yangu na sikumtazama.

Neno lile nilimwomba radhi. Nilipiga magoti upande wake wa kulia nikalirudia lote, ili ajue naomba radhi ya lipi. Akasema hakumbuki neno lolote la jeneza. Nilimsikia mwenyewe akimsimulia nesi, Shangazi. Nimeishi miaka yote hii bila kujua sauti ya Baba akidanganya, na sasa naijua, na aliponiambia hakuona mgeni haikuwa ile.

Harusi ni tarehe 7 Septemba, kanisani kwetu. Baba ndiye atakayenisindikiza. Mimi nitakuwa kulia kwake, anione mwendo mzima. Lakini kushoto kuna mabenchi, kuna ngazi mbili za madhabahu, na mbele kabisa watakuwa wamekaa wakwe ambao safari hii lazima awasalimie. Anahitajika mtu wa kutembea upande ule, bega kwa bega naye, amguse kila penye kona na amgeuze uso kila penye mtu. Baba mdogo aliiomba nafasi hiyo. Nimemnyima, nimekuandika wewe.

Kabla ya siku hiyo nitumie barua moja kwa Gody. Usiniandikie kwamba mu wazima. Niandikie mlivyo.

Hatakuona, Shangazi. Utavaa kitenge kipya, utamshika bega njia nzima, naye atauliza watu kwa nini Selestina hajafika. Vumilia, usimwachie, mpaka ageuke.

Mwanao,
Stellah